Njia ya changizo: kutoka Filipi hadi Mileto nyuma ya fedha za maskini

Karibu mwaka 57 BK, Paulo alisafiri kutoka Makedonia kuelekea Yerusalemu, na waliofuatana naye walikuwa wanaume saba, ingawa wao walitangulia hadi Troa: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, na Tikiko na Trofimo wa Asia. Luka anawataja kwa majina, karibu wote pamoja na kwao, katika Matendo 20, kisha anaendelea na safari bila kueleza kwa nini msafara ni mkubwa hivyo. Nyaraka za Paulo ndizo zinazotoa jibu. Makanisa ya mataifa, yaani ya wasio Wayahudi, yalikuwa yamekusanya fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na wafafanuzi wengi wanaona kwamba hawa saba ndio waliotumwa na makanisa yao kuzisindikiza.

Kumbukumbu hii inafuata njia yao kutoka Filipi hadi Mileto. Tumeiandika baada ya kurudi, kutokana na daftari na picha. Ilikuwa Aprili, baada ya Pasaka, majira yale yale waliyosafiri wao. Anayetaka kuifuata abebe Biblia na asome mapema 1 Wakorintho 16, 2 Wakorintho 8 na 9, Warumi 15 na Matendo 20. Bila sura hizo ataona magofu tu.

Jumapili, Kavala

Kavala ndiyo Neapoli ya zamani, bandari ya Filipi. Katika kanisa tulilosali asubuhi, kando ya sehemu ya mishumaa palikuwa na sanduku la mfuko wa maskini wa parokia. Watu walitumbukiza chochote walicho nacho, wakawasha mshumaa, wakaenda zao. Hakuna aliyetangaza wala aliyeandika jina.

Paulo aliwaagiza Wakorintho jambo linalofanana na hilo, ila lenye mpangilio zaidi. Kila mtu, siku ya kwanza ya juma, aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kukusanywa yeye atakapofika. Kila kipande cha agizo hilo kina kazi yake. "Kila mtu" haiwaachii matajiri peke yao. "Siku ya kwanza ya juma" inaugawa mzigo mkubwa kuwa vipande vidogo vinavyobebeka. "Kwake" maana yake fedha inatengwa nyumbani, kabla macho ya watu hayajaingilia. "Kwa kadiri ya kufanikiwa kwake" inamaanisha kiasi hupanda na kushuka pamoja na kipato, na wiki mbaya haimfanyi mtu kuwa mkosaji.

Kwa anayeendesha changizo leo, hapo ndipo pa kuanzia. Harambee ya siku moja yenye shinikizo huleta fedha nyingi jioni ile na manung'uniko wiki inayofuata. Mtu aliyeahidi mbele za watu kiasi asichokuwa nacho hulipa kwa uchungu, au halipi kabisa na anaanza kulikwepa kanisa. Aliyetenga nyumbani kidogo kidogo huja na bahasha iliyokwisha kufungwa na moyo uliotulia.

Maandalizi: pasipoti za Afrika Mashariki zinahitaji viza ya Schengen kuingia Ugiriki. Ukikusudia kuvuka kwenda Uturuki kisha kurudi kupandia ndege Ugiriki, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo.

Jumatatu, Filipi

Basi la kwenda mji wa Drama hupita Filipi, kilomita 15 hivi kutoka Kavala. Mwambie dereva unakotaka kushuka, maana kituo chenyewe ni rahisi kupitwa. Wetu alisimamisha basi, akashuka mwenyewe, akatuonyesha kwa mkono njia ya kuendea lango, kisha akarudi kwenye usukani. Abiria walisubiri bila kulalamika.

Nenda lango linapofunguliwa. Kufikia adhuhuri jua linapiga kwenye mawe na kivuli ni haba. Ndani, barabara ya Kirumi iitwayo Via Egnatia bado ina mawe yake, na magurudumu ya kale yameyachimba mifereji ambayo kidole kinaingia. Kwenye mabaki ya kanisa la pembe nane kuna sakafu ya vijiwe vya rangi, yenye maandishi ya karne ya 4 yanayomtaja askofu Porfirio na kanisa la Paulo. Watu wengi hupita hapo haraka kuwahi ukumbi wa maigizo. Usifanye hivyo. Hapa ndipo tuliposomea 2 Wakorintho 8, na hapa ndipo kiini cha safari nzima.

Mji huu ulisimama karibu na dhahabu. Mwaka 356 KK mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia aliutwaa kwa ajili ya machimbo ya eneo hili na akaupa jina lake. Lakini Paulo akiwaeleza Wakorintho habari za Wakristo wa Makedonia, anazungumzia dhiki nyingi na umaskini mwingi. Tazama mpangilio wa maneno yake. Anataja dhiki kwanza, kisha wingi wa furaha, kisha umaskini, na ukarimu unakuja mwisho. Furaha ilikuwapo kabla fedha haijatoka mfukoni, na ukarimu umezaliwa nayo. Mtu anayetoa kwa matumaini kwamba furaha itamjia baadaye kama malipo atakata tamaa mapema, maana mara nyingi kinachobaki mkononi mwake ni mkoba mwepesi tu. Wamakedonia walishaipokea neema, wakafurahi, na fedha ikafuata njia iliyokwisha kufunguka.

Kisha kuna jambo ambalo viongozi wa makanisa wangelitafakari kwa muda mrefu. Wamakedonia ndio walioomba. Walimsihi Paulo awape nafasi ya kushiriki. Inaonekana wazi kwamba hakutaka kuwabana, kwa kuwa alijua hali yao. Ni desturi yetu kuwaruka maskini tunapopitisha kapu, tukidhani tunawahurumia. Filipi inafundisha kinyume. Kumnyima maskini nafasi ya kutoa ni kumnyima furaha, na ni kumhesabu kuwa mtu wa kupokea tu. Mwache atoe sarafu yake, na ihesabiwe pamoja na nyingine.

Paulo anaeleza pia walivyofika hapo: kwanza walijitoa nafsi zao kwa Bwana. Fedha ilikuja ya pili.

Kutoka magofuni tulitembea hadi mtoni, mahali panapokumbukwa kwa ubatizo wa Lidia. Maji ni ya baridi na yanakwenda kasi, na kuna madaraja madogo. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia alitupa machungwa matatu kutoka kwenye mfuko wake wa plastiki, akaendelea kufagia.

Jumanne, kuelekea mpakani

Basi kutoka Kavala hadi Alexandroupoli, kisha jingine la kuvuka Kipi na kuingia Ipsala upande wa Uturuki. Mpaka huu huvukwa ndani ya gari, kwa hiyo usipange kufika hapo kwa teksi ukidhani utavuka kwa miguu. Kila mtu hushuka na mzigo wake, pasipoti zinaangaliwa pande zote mbili, na basi zima linamngoja mwenye karatasi yenye kasoro. Tulikaa pale muda mrefu. Beba maji na kitu cha kutafuna.

Msafara wa Paulo ulivuka kwa bahari, ukatumia siku 5 kutoka Filipi hadi Troa. Miaka kadhaa nyuma yeye alikuwa amevuka bahari hiyo hiyo kuelekea upande wa pili kwa siku 2. Pepo za kaskazini na mkondo unaotoka mlango wa Dardaneli huweza kumchelewesha nahodha anayekwenda mashariki, na wenye meli za matanga walilazimika kungoja.

Giza lilipoingia tulivuka daraja la Çanakkale lililofunguliwa Machi 2022, lenye uwazi wa mita 2,023 kati ya minara yake miwili. Dakika chache tu na Ulaya ikabaki nyuma.

Jumatano, Ezine na Troa

Asubuhi, kwenye duka la mikate la Ezine, tuliona desturi iliyotufundisha kuliko maelezo mengi. Mteja alilipia mikate miwili akachukua mmoja. Mwoka mikate akautia ule wa pili kwenye kapu lililoning'inia ukutani. Wenyewe huiita askıda ekmek, mkate uliotundikwa. Asiye na fedha huingia, huuliza kama upo, hupewa, huondoka. Mtoaji hajui nani amekula, na mlaji hajui wa kumshukuru isipokuwa Mungu. Wengi wa wanaofanya hivyo hapa ni Waislamu. Mkristo aliyezoea kusoma kwamba mkono wa kushoto usijue lifanywalo na wa kuume ataona agizo hilo likitendeka juu ya kaunta yenye unga, na hana sababu ya kutolipia mkate wa pili na yeye.

Kuhusu watoto wanaoomba kwenye vituo vya mabasi: fedha mkononi mwa mtoto mara nyingi huishia kwa mtu mzima anayemtuma, na kadiri anavyoleta nyingi ndivyo anavyozidi kuwekwa barabarani. Nunua chakula ukae naye akile. Amua pia kabla ya kusafiri ni sehemu gani ya bajeti ni ya wahitaji, uitenge kwenye bahasha yake. Paulo anasema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Ukiwa umekusudia mapema, mkono unaonyooshwa kwako hautakukuta ukipiga hesabu.

Kutoka Ezine, dolmuş, basi dogo linaloondoka likijaa, hufika Geyikli na Dalyan. Magofu ya Troa yametawanyika ndani ya msitu wa mialoni, na nguzo za granito zimelala hadi karibu na maji. Bafu kubwa lenye matao lilijengwa karne ya 2, kwa hiyo Paulo hakuliona. Vaa viatu vilivyofunika vidole, miiba ni mingi.

Hapa kundi lilikaa siku 7, na hapa kijana Eutiko alianguka kutoka orofa ya tatu wakati Paulo akiendelea kusema hadi usiku wa manane. Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, ile ile iliyotajwa kwa ajili ya akiba.

Tukiwa kwenye kivuli cha mwaloni tulipiga hesabu ya mzigo wenyewe. Biblia haitaji jumla ya changizo, lakini uzito wa sarafu unajulikana. Dinari ya fedha kabla ya mageuzi ya sarafu ya kaisari Nero ya mwaka 64 ilikuwa na gramu 3.9 hivi. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, dinari moja ni ujira wa siku. Dinari 1,000, zaidi ya miaka 3 ya kibarua, zingekuwa karibu kilo 4. Sarafu ya dhahabu ilibadilishwa kwa dinari 25, kwa hiyo jumla hiyo hiyo ingekuwa sarafu 40 tu, gramu 300 na ushee, kitu cha kushonwa ndani ya mshipi. Mtu akiwa na kiasi hicho kwenye meli ya watu asiowajua, amelala juu ya sitaha, anahitaji wenzake.

Usalama haukuwa sababu pekee ya kuwa wengi. Wakorintho waliambiwa wachague wenyewe watu wa kuipeleka zawadi yao. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo anasema anajiepusha na lawama kuhusu fedha hii, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Mhasibu mwaminifu asiyeonyesha hesabu anawaachia watu nafasi ya kudhani. Korintho kwenyewe dhana hizo zilikuwapo, na changizo lililoanza kwa shangwe lilikuwa limelala tangu mwaka uliotangulia, hata Tito, msaidizi wa Paulo, akatumwa kuliamsha.

Kwa hiyo, ukipeleka msaada: wawili wahesabu pamoja, wasio wa nyumba moja, kiasi kiandikwe papo hapo na wote wawili watie sahihi, wasindikizaji wachaguliwe na waliotoa, si na aliyeomba, nauli yao ijulikane inatoka wapi kabla hawajaondoka, na wakirudi wasimame mbele ya watu waseme walimkabidhi nani, nini, lini. Picha ya mpokeaji akiwa ameshika gunia haichukui nafasi ya hesabu, na inamvunjia heshima. Piga picha ya stakabadhi.

Alhamisi na Ijumaa, kwa miguu hadi Aso

Kutoka Troa wenzake Paulo walipanda meli kuizunguka rasi. Paulo alikwenda kwa miguu. Luka haelezi sababu. Njia inayopita Tuzla na Gülpınar ni kama kilomita 50, na sehemu yake ya kwanza ndiyo ndefu zaidi. Kulala Gülpınar kunaigawa vizuri, na hekalu la Apolo lililoko hapo linastahili saa moja.

Beba lita 3 za maji kwa kila mtu. Hatari ya njiani ni mbwa wa kuchunga kondoo. Ukiwaona wanakuja usikimbie. Simama, usiwakazie macho, mwite mchunga. Mchunga mmoja aliwaita mbwa wake kwa mluzi, kisha akatukaribisha chini ya mti, akakata jibini na mkate kwa kisu chake cha mfukoni, akatupa nusu iliyo kubwa. Tulipotoa fedha aliweka mkono kifuani na kutikisa kichwa. Katika Warumi 15 Paulo anaonyesha wasiwasi: anaomba waumini wamwombee ili huduma yake ikubaliwe na watakatifu wa Yerusalemu. Kupokea nako kuna ugumu wake. Anayelipa haraka kila anachopewa anamwonyesha mwenyeji kuwa hataki kuwa na deni la upendo kwake. Tulikula, tukashukuru, tukaondoka.

Aso imekaa juu ya mwamba, hekalu la Athena liko mita 238 juu ya bahari, na kisiwa cha Lesbo kinaonekana wazi ng'ambo. Bandari iko chini kabisa. Barabara ya kushuka ni mteremko mkali unaoumiza magoti. Hapa ndipo walipompakia Paulo wakaenda Mitilene, kisha Kio, kisha Samo.

Jumamosi, mabasi

Ayvacık, Izmir, Söke. Siku nzima barabarani, chai na keki ndani ya basi, mizeituni dirishani. Viingilio vya maeneo mengi ya kale kwa wageni hutangazwa kwa euro, lakini dolmuş na vyakula hulipwa kwa lira taslimu. Badilisha Izmir.

Jumapili, Mileto

Dolmuş za kuelekea Didim hukushusha Akköy, na kutoka hapo zimebaki kilomita chache za barabara tambarare katikati ya mashamba. Muulize dereva saa ya basi la mwisho la kurudi. Paka dawa ya mbu.

Mileto ilikuwa mji wa bandari. Mto Menderes umeijaza ghuba kwa tope karne baada ya karne, na sasa bahari iko mbali, huioni. Ukumbi wa maigizo, uliowahi kuchukua watu kama 15,000, unatazama mashamba. Simba wawili wa marumaru waliolinda mlango wa bandari wamezama nusu ardhini, na baada ya mvua hufikiwa kwa kukanyaga matope.

Paulo alikuwa na haraka ya kufika Yerusalemu kabla ya Pentekoste, akaipita Efeso, akawaita wazee wake waje hapa, kama kilomita 45 kwa mstari ulionyooka. Tulisoma hotuba yake tukiwa tumekaa kwenye ngazi za juu. Anawaambia hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, kwamba mikono yake mwenyewe ilitosheleza mahitaji yake na ya waliokuwa naye, na kwamba imewapasa kuwasaidia wanyonge. Kisha anawakumbusha neno la Bwana Yesu ambalo halimo katika Injili yoyote kati ya zile nne: ni heri kutoa kuliko kupokea.

Ukilisoma neno hilo ukutani au kwenye bahasha ya sadaka, ni rahisi kulisikia kama maombi ya fedha. Mileto lilisemwa na mtu ambaye fedha za maskini zilikuwa zikisafiri pamoja naye, wasindikizaji wake wakiwa jirani, na hakuwaomba wazee wale hata sarafu moja. Alikuwa akiwagawia alichokionja. Roho Mtakatifu alikwisha kushuhudia kwamba vifungo vinamngoja mbele, naye anasema hivyo katika hotuba ile ile. Heri anayoitaja haikuwa ya mtu aliyestarehe. Ilikuwa sawa na ya Filipi, furaha iliyokaa ndani ya dhiki na kutoa kutoka humo.

Njia yetu iliishia hapo. Mwenye muda zaidi anaweza kuendelea kwa feri hadi Kosi na Rodo, na kwa barabara hadi Patara. Kutoka Tiro kwenda Kaisaria, alikopita Paulo baadaye, hakuna njia ya nchi kavu kwa msafiri, kwa sababu mpaka wa Lebanoni na Israeli umefungwa. Sehemu hiyo ni ya ndege, kwa safari mbili tofauti.

Changizo lilifika. Mbele ya liwali Feliki, Paulo alisema alikuja kuwaletea watu wa taifa lake sadaka. Trofimo, mmoja wa wale saba, alionekana naye mjini Yerusalemu, na dhana kwamba mtu huyo asiye Myahudi ameingizwa hekaluni ikawasha ghasia iliyomtia Paulo gerezani. Wasindikizaji walikuwa wamemaliza walichotumwa, na wangeweza kurudi makwao. Lakini katika Matendo 27, meli ya kumpeleka mfungwa Italia inapong'oa nanga, Luka anamtaja aliyekuwa pamoja nao: Aristarko, Mmakedonia wa Thesalonike.